Trima ya nywele za masikioni: rivyu baada ya miezi nane

Hii rivyu nimeichelewesha makusudi, maana kila nikisoma rivyu za hivi vimashine naona mtu kaandika siku ileile aliyofungua boksi, kasema inakata vizuri sana, kaweka nyota tano, kaenda zake. Jamani siku ya kwanza trima yoyote inakata. Mi nimekaa na yangu miezi nane, nimeiosha, nimeiangusha bafuni mara mbili, nimeisahau kwenye begi na betri ndani, na kabla yake nilikuwa na nyingine iliyonitoa machozi kabisa, hiyo ntaisimulia.

Kisa chenyewe kilianza kwa kinyozi. Kamaliza kichwa, kamaliza ndevu, akainama akaniuliza kwa sauti ya chini kama daktari anayeleta majibu, "Na hizi za masikioni nizipitie, mzee?" Nilishtuka mara mbili, kwanza hilo "mzee", pili za masikioni zipi tena? Nikamwambia we pitia tu, nikijifanya najua. Baada ya wiki chache zikawa zimerudi na safari hii nikazitafuta mwenyewe, nikasimama dirishani na kioo cha mkononi, mwanga unatokea nyuma yangu. Aisee. Ukijitazama kwa mbele huoni kitu, ila kwa ubavuni sikio lina ndevu zake. Kile kinyama kidogo kilichochomoza mlangoni mwa tundu kina kishungi cheusi, halafu juu kwenye ukingo kuna unywele mmoja, mmoja tu, umesimama kama antena ya redio. Nikamuuliza mama watoto kama alikuwa anauona. "Mbona siku nyingi tu, nilidhani unaupenda."

Kwa ambao bado hazijawafikia, na nyie mnakuja tu. Sikio lina malaika tangu utotoni, vile vinywele laini visivyoonekana. Homoni za kiume zikishavipiga miaka mingi baadhi yake vinageuka vinene, vyeusi na virefu, ndo maana mwanaume anaanza kuviona akishaupita ujana. Kinachonikera ni kwamba homoni hizohizo ndo zinazonyausha nywele za utosini kwa wenye asili ya upara, yaani kule unakotaka zikae zinaondoka na huku usikozitaka zinahamia. Mambo ya kurithi yamo pia. Zamani vitabu vya biolojia vilitumia masikio yenye nywele kama mfano wa kitu kinachopita kwa baba kwenda kwa mwana kwenye kromosomu Y, ila mwaka 2004 ulitoka uchunguzi wa wanaume wa kusini mwa India waliopimwa hiyo Y na uhusiano huo haukuonekana. Kwaiyo usimlaumu baba peke yake. Na ukiona zako nyingi jifariji na Anthony Victor, mwalimu mkuu mstaafu wa India, Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, walimwandika 2007 akiwa na nywele za sikio zenye sentimita 18.1. Nimeipima trima yangu na rula, yeye alikuwa anaizidi urefu.

Sasa mashine ya kwanza. Kampuni siitaji, ilikuwa ya bei chee, kichwa cha duara, inatumia betri moja ndogo. Wiki mbili za mwanzo tulipendana. Siku hiyo niko katikati ya sikio la kushoto nikasikia mlio unashuka, ule mlio wa nyuki ukawa wa mbu, ukawa kimya, na bledi ikasimama ikiwa imezishika nywele. Haizikati, haiziachii. Nimesimama mbele ya kioo na kitu kinaning'inia sikioni kama hereni, nikikivuta nasikia mpaka kwenye meno. Nikaita msaada, akaja binti yangu badala ya mama yake, akacheka kwanza, ndo akaleta mkasi. Hapo nilijifunza kitu ambacho kwenye kile kijikaratasi cha maelezo sikukiona, betri ikilegea trima haikati, inang'oa. Saivi nikisikia tu mlio umebadilika natoa mashine hapohapo, tena naitoa ikiwa bado inazunguka, siizimi ikiwa ndani. Na kuwasha pia nawasha nje kabla ya kuingiza.

Kabla ya kununua ya pili nikasema ngoja nijaribu njia nyingine, labda kimashine hakihitajiki. Kibano nilianza nacho, na kwa ule unywele wa antena kibano hakina mpinzani, unaushika chini karibu na ngozi unauvuta kuelekea unakoelekea, umekwisha, na unakawia kurudi kuliko ukikatwa. Nikanogewa nikaingia mlangoni mwa tundu. Kosa. Siku mbili baadaye kikatoka kijipu mle ndani, kidogo kama punje ya mtama, ila ngozi ya pale imebanana na gegedu, hakuna nyama ya kuvimbia, kwaiyo maumivu yake si ya saizi yake. Nilikuwa nalala upande mmoja siku nne. Ukichomoa unywele unaacha tundu wazi na vijidudu vinaingia humo, na pale mlangoni ndo kwenye mafuta na nta. Kwa hiyo kibano ni cha nje tu, ukingoni na kwenye ndewe.

Waksi sijafanya mwenyewe, nimefanyiwa, kwenye kile kinyama na kuzunguka sikio. Inauma sekunde moja ya kutukana, halafu unakaa msafi wiki kadhaa. Ila mtu akikwambia atakujazia waksi ndani ya tundu simama uondoke, nimeona video watu wanachomekewa vijiti vya waksi mpaka ndani na wanashangilia. Ile kitu ikivunjikia mle unaenda kutolewa hospitali. Krimu za kuondoa nywele nazo kwenye sikio hapana, zile zinafanya kazi kwa kuyeyusha unywele kwa kemikali, na kemikali haijui kutofautisha unywele na ngozi laini ya tundu, ikitiririka ndani huwezi kuifuta. Wembe siuzungumzii, mwenye akili zake hawezi kuingiza wembe sikioni. Mkasi mdogo wenye ncha za mviringo ni mzuri kwa mwenye mkono uliotulia na mtu wa kumshikia, ila peke yako kwenye kioo kila kitu kinageuka, unataka kwenda kulia mkono unaenda kushoto.

Ndo nikarudi kwenye trima, ya pili, hii ninayoiandikia. Nayo ni ya kichwa cha duara ila imetengenezwa kwa akili zaidi. Kile kichwa ni kifuniko cha chuma chenye mianya, pembeni na juu pia, na ndani yake kuna bledi inayozunguka. Unywele unaingia kwenye mwanya, bledi inapita, inaukata dhidi ya ukuta wa mwanya kama mkasi. Bledi yenyewe haigusi ngozi, ndo usalama wake na ndo udhaifu wake, kwa sababu unabaki ukoko mfupi sana wa unywele. Ukipapasa kwa kidole unausikia, ila kwa macho hauonekani. Watu wengi kwenye rivyu wanaipa nyota moja wanalalamika "hainyoi mpaka chini". Ndugu, ndani ya sikio unataka kunyoa mpaka chini ili iweje? Na huo ukoko ukikuchoma kidole usidhani nywele zimeota nene kwa sababu umezikata, ncha ya unywele iliyokatwa inakuwa butu, ya asili inakuwa imechongoka, basi. Mzizi uko chini ya ngozi hauna habari na trima.

Ninavyofanya, na nimefanya hivi kila baada ya wiki mbili au tatu hivi. Nafuta sikio kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nakausha kabisa, maana nywele zenye maji na nta zinalala na kushikana, mashine inateleza juu yake. Nasimama pembeni ya dirisha, taa ya bafuni ya juu haifai, inatupa kivuli mlemle unamotaka kuona. Mkono mmoja unapita juu ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma kidogo, tundu linafunguka. Kichwa nakiinamisha upande wa sikio ninalokata, sio upande mwingine, ili vipande vianguke chini kwenye beseni, visiingie ndani. Hii nilikuwa nafanya kinyume miezi mitatu nikishangaa kwanini masikio yananiwasha usiku. Halafu nazungusha kichwa cha mashine mlangoni tu, taratibu, bila kusukuma, sekunde chache natoa nakung'uta narudia. Kelele inatisha mara ya kwanza, unahisi kuna pikipiki imepaki kwenye ubongo, utazoea.

Mlangoni tu maana yake mlangoni tu. Nywele zinaota sehemu ya nje ya tundu, theluthi moja hivi, mle ndani zaidi ngozi ni nyembamba na haina nywele za kukata, na tundu zima la mtu mzima ni kama sentimita mbili na nusu tu, mwisho wake ndo ngoma ya sikio. Tena hata hizo za nje usizimalize zote kama nyasi za uwanjani. Zina kazi, zikisaidiana na nta zinazuia vumbi na wadudu. Mi nakata zinazotoka nje kusalimia watu, zilizotulia ndani naziacha zifanye kazi yake. Na ukimaliza usichomeke pamba ya kijiti kutoa vipande, inavisukuma na nta ndani, futa kwa nje, vilivyobaki sikio litavitoa lenyewe. Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi ya wote, mkwaruzo mdogo wa sikioni kwake unaweza kugeuka ugonjwa mbaya, huyo bora afanyiwe na mtu mwenye utaalamu.

Kuna jambo watu hawaliongelei, mashine hizi wanauza kwamba ni ya pua na masikio, moja kwa yote. Sawa, ila anza na masikio. Karibu mtu mmoja kati ya watatu ana bakteria wa stafilokoka wamejikalia puani bila kumsumbua, sasa ukitoka puani unaingia sikioni kwenye ngozi uliyoikwaruza sasa hivi, unawahamisha na mizigo yao. Yangu ilikuja na vichwa viwili, nimekitia kimoja alama ya rangi ya kucha ya mama watoto. Kila nikimaliza nafungua, napitisha maji, nakausha wazi bila kukifunika, naipa tone moja la mafuta ya cherehani mara mojamoja. Na jamani hiki kitu hakiazimwi. Shemeji yangu aliniomba nikamwambia imeharibika.

Inaposhindwa sasa. Zile nywele za ukingoni, zile moja moja ndefu, haizikamati. Unazungusha weee, unywele unalala pembeni unakuangalia. Mianya inataka nywele zinazosimama kuelekea ndani, ya ukingoni imelala na ngozi, kwaiyo hapo bado nahitaji kibano au ile bledi ndogo ya kunyoosha ndevu. Pili, nywele nyeupe, nazo zimeshaanza, inazikata ila mi sizioni, mpaka nisimame na kitu cheusi nyuma. Tatu, taa yake ndogo ya kumulika haina maana yoyote, inamulika kidole changu.

Kuhusu leza ya kuondoa nywele, nimeulizwa na wawili watatu. Sijafanya, nimeenda kuuliza tu. Ni mizunguko kadhaa, unarudi kila baada ya wiki kadhaa, na haiingii ndani ya tundu, ni ya nje. Mwanga wake unafuata weusi wa unywele, kwaiyo mvi inazipita kama hazipo. Na kwa ngozi nyeusi ulizia mashine yao ni aina gani, inayopendekezwa zaidi kwetu ni ya Nd:YAG, yenye wimbi la mwanga la nanomita 1064, kwa sababu mwanga wake unaingia chini bila kuishughulikia sana rangi ya ngozi, zile za mawimbi mafupi ndo zinaacha watu na madoa au kuungua. Mwenye mvi anayetaka kumaliza kabisa ana njia ya kuchoma mzizi mmoja mmoja kwa sindano ya umeme, haijali rangi. Mi nikihesabu muda wa kwenda na kurudi, na ukweli kwamba dakika tano dirishani zinanitosha, nikaona ngoja nibaki na kimashine changu.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya kile kifuniko cha plastiki cha juu, hakishiki, kinatoka chenyewe kwenye begi, na saa hii ninavyoandika kipo chini ya kitanda, nakiona.