Kinanda chenye "sauti ya Hammond": msilipe kabla hamjajaribu swichi ya kasi

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa, leo naitoa. Boksi la kinanda nilichonunua limeandikwa kwamba ndani kuna sauti ya Hammond, ile ogani ya umeme, na ya Leslie, spika yake inayozunguka. Sauti ipo, sikatai. Vile vipini tisa vya kuvuta vipo, na hata ule mlio mdogo wa "tik" unapogusa kitufe wameuweka, ambao waliounda Hammond waliuona ni kasoro, wapigaji wakaupenda. Nilikuwa tayari kutoa nyota nne.

Halafu nikabonyeza swichi ya kasi.

Leslie yenyewe ni kabati la mbao lenye pembe inayozunguka juu na ngoma inayozunguka chini, kila moja na mota yake. Ukiitoa polepole kuipeleka kasi, pembe inawahi, ngoma inajikokota nyuma, na katika zile sekunde chache sauti inakupanda kifuani hadi nywele zinasimama. Roki iko hapo! Changu kinaruka tu: polepole, kap, kasi, kama taa ya chooni. Na ukiwa umeshikilia vitufe, sauti inakatika kabisa kabla haijarudi.

Nikakirudisha dukani. Kijana wa kaunta hakukiwasha hata. Akaniambia, "Kaka, kinanda kwenye roki ni cha kujazia tu. Watu wanasikiliza gitaa." Akarudi kwenye simu yake, nami nikarudi nyumbani na kinanda changu.

Cha kujazia? Jon Lord wa bendi ya roki ya Deep Purple aliichomeka Hammond yake kwenye amplifaya za Marshall, zile za magitaa, ikanguruma hadi huwezi kusema kipi kinanda kipi gitaa. Matthew Fisher aliupigia Hammond wimbo wa bendi ya Procol Harum wa mwaka 1967, na kinanda kile kiliubeba wimbo kiasi kwamba mwaka 2009 majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, walikubali ana haki ya fungu la mrabaha kama mtunzi mwenza. Hakuna jaji anayemgawia mrabaha mtu wa kujazia!

Lakini kinanda changu nacho nikipe haki yake. Nikikiacha kwenye mzunguko wa polepole, swichi nisiiguse, kinalia vizuri sana. Juzi usiku nimepiga mpaka majirani wakagonga ukuta, na sikutaka kuacha. Basi, nyota tatu.

Hapana. Kila nikifika kwenye kiitikio mkono unakwenda wenyewe kwenye ile swichi, na kila mara sauti inanikatikia palepale ninapoihitaji. Nyota mbili, za ule mzunguko wa polepole tu. Duka halipati hata moja. Risiti ninayo, na mwisho wa mwezi narudi nayo kumtafuta mwenye duka mwenyewe, siyo yule kijana wake.