Uzoefu wangu: miaka mitatu ya pipi za Halloween kwenye viwanja vya makanisa, Louisville

Tangu tuhamie Louisville, jimbo la Kentucky, nimewapeleka wanangu wawili kwenye jioni za pipi za Halloween, sherehe ya Wamarekani ya tarehe 31 Oktoba, zinazoandaliwa na makanisa kwa miaka mitatu mfululizo, kila mwaka kanisa tofauti. Binti yangu sasa ana miaka tisa na mdogo wake ana minne, na huyu mdogo ana mzio wa karanga, jambo ambalo limenifanya nizitazame jioni hizi kwa jicho kali kuliko wazazi wengi. Ninawaandikia wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili, ambao katika mji huu si wachache, hasa waliotoka Kongo, na ambao kila Oktoba hukuta kikaratasi cha mwaliko mlangoni wakashindwa kuamua waende au wasiende.

Kwenye mialiko huandikwa Trunk or Treat, na makanisa yasiyopenda kulitaja jina la Halloween huandika Fall Festival au Harvest Festival, yaani sherehe ya mavuno. Utaratibu wake ni mwepesi. Waumini huyaegesha magari yao kwa safu mbili kwenye uwanja wa kanisa, buti zikiwa zimetazamana, kisha kila mwenye gari hufungua buti, hulipamba na kukaa pembeni yake na bakuli la pipi. Watoto huja wakiwa wamevaa mavazi ya kuigiza, wengine simba, wengine malaika, wengine wazima moto, na hupita gari moja baada ya jingine wakiwa na mifuko yao. Hakuna kiingilio. Tukio zima huchukua saa moja na nusu au saa mbili, na mara nyingi halifanyiki tarehe 31 yenyewe bali siku kadhaa kabla, hasa Jumatano au Jumapili jioni, kwa sababu hizo ndizo siku ambazo makanisa mengi ya huku Kusini hukutana.

Watu huniuliza kwa nini nisiwapeleke watoto kugonga milango ya majirani wakiomba pipi kama ilivyo desturi ya kale ya Wamarekani. Tulijaribu mara moja, tena kwenye mtaa maarufu kuliko yote hapa kwetu kwa mapambo, Hillcrest Avenue, ambako nyumba kwa nyumba hupambwa kwa mifupa, utando wa buibui na maboga yaliyochongwa sura. Binti yangu alifurahi mno. Lakini mwishoni mwa Oktoba jua la Louisville huzama baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, na kwa muda mrefu nilikuwa nimemshika mdogo wake mkono kwa nguvu mpaka akalia, kwa sababu watu walikuwa wengi, giza limeingia na magari bado yanapita kwenye njia za jirani. Hofu yangu haikuwa ya bure. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA Pediatrics, uliochambua takwimu za ajali za Marekani za kuanzia mwaka 1975 hadi 2016, ulionyesha kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa kwa kugongwa na gari jioni ya Halloween ni kubwa kwa asilimia 43 kuliko jioni nyingine za karibu na tarehe hiyo. Kwenye uwanja wa kanisa magari yamezimwa na mlango wa kuingilia umezibwa kwa koni. Kwa mtoto wa miaka minne, hilo peke yake linatosha kunitoa nyumbani.

Kuna hofu nyingine ambayo nimeisikia sana kwa wenzetu, ya pipi zilizotiwa sumu na watu wasiojulikana. Hiyo ninaomba tuiweke kando. Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amezifuatilia taarifa za namna hiyo tangu mwaka 1958 na hajapata ushahidi wa mtoto aliyeuawa au kuumizwa vibaya na pipi yenye sumu aliyopewa na mgeni jioni hiyo. Mtoto aliyekufa huko Texas mwaka 1974, ambaye habari yake bado inasimuliwa, aliwekewa sumu na baba yake mzazi. Yanayopasa kutunyima usingizi ni magari, na kwa mtoto kama wangu, karanga.

Kabla sijafika huko, niseme la imani, kwa sababu ndilo linalowazuia wengi. Mimi nimelelewa katika KKKT, Kanisa la Kilutheri la Tanzania, na kwetu Moshi tarehe 31 Oktoba ilikuwa siku ya kukumbuka Matengenezo ya Kanisa, siku ambayo mwaka 1517 Martin Luther alizitoa hoja zake 95 kule Wittenberg. Mwaka wetu wa kwanza nilimpigia mama simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimweleza kwamba kanisa limetualika kwenye sherehe ya Halloween. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, “Mwanangu, na mchungaji mwenyewe atakuwepo?” Nilipomwambia atakuwepo alisema, “Basi nenda ukaone kwa macho yako, usimpeleke mtoto mahali ambapo wewe hujapaona.” Nimelifuata neno hilo kila mwaka. Mama mmoja kutoka Bukavu, tunayesali naye, yeye alinikatalia waziwazi: “Mama, ile mambo ya mapepo, siye tunaogopaka.” Sikubishana naye. Jina Halloween lenyewe limetokana na mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba, lakini mizizi ya mila za jioni hiyo inahusishwa pia na sikukuu ya kale ya Waselti, watu wa kale wa Ulaya, na mtu ambaye dhamiri yake inamshitaki asilazimishwe. Ninachoweza kushuhudia ni nilichokiona. Katika makanisa yote matatu mwaliko uliwataka watu wasije na mavazi ya kutisha, na magari mengi yalipambwa kwa visa vya Biblia: safina ya Nuhu, tundu la simba la Danieli, Daudi na Goliathi.

Mwaka wa kwanza tulikwenda kanisa kubwa sana karibu na barabara kuu. Mapambo yalikuwa ya fahari, kulikuwa na nyumba ya upepo ya watoto kurukia na trela lililojaa marobota ya majani makavu ya kuwazungusha watoto, na soseji za bure ndani ya mkate. Lakini tulipanga foleni kwa dakika hamsini kwenye baridi, na mezani pa kuingilia nilitakiwa kujaza fomu ya jina, anwani, barua pepe na namba ya simu kabla mtoto hajapewa kikuku cha karatasi cha kumruhusu kupita. Tulipofika kwenye safu ya mwisho ya magari, mabakuli sita yalikuwa matupu na wenye magari walikuwa wakikunja mapambo. Binti yangu, aliyekuwa na miaka sita wakati huo, alisimama mbele ya buti moja ameufungua mfuko wake, na mwenye gari hakumwona kwa sababu alikuwa amegeuka kuzima taa. Kwa miezi minne baada ya hapo nilipokea jumbe za simu kutoka kanisa hilo, hata baada ya kuomba ziache. Kanisa likitaka kunialika ibadani, liniambie uso kwa uso huku nikiwa na soseji mkononi, nitasikiliza. Kuifanya pipi ya mtoto kuwa bei ya namba yangu ya simu sikukupenda.

Mwaka wa pili ndio ulionifundisha zaidi. Kanisa lilikuwa la wastani, watu wake wakarimu. Kijana wangu alikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa nimegeuka kufunga kamba ya kiatu cha dada yake, na mama mmoja wa kujitolea, kwa upendo kabisa, akamfungulia chokoleti ndogo na kumtilia mkononi. Ilikuwa na siagi ya karanga ndani. Niliipokonya ikiwa imeshaumwa nusu. Madoadoa mekundu yalimtoka shingoni kabla hatujafika kwenye gari letu, mdomo wa juu ukaanza kuvimba, naye akawa anakohoa kikohozi kikavu ambacho nakisikia hadi leo. Nilimchoma sindano ya adrenalini pajani, juu ya suruali, kama daktari alivyotufundisha, na mume wangu akapiga 911, namba ya dharura. Tulikaa hospitali hadi saa tano usiku, na namshukuru Mungu alitoka akiwa mzima. Yule mama simlaumu, hakuambiwa. Ninaulaumu uongozi wa tukio, ambao niliuandikia mara mbili kuomba mwaka unaofuata waweke hata meza moja isiyo na karanga, na haukunijibu.

Tangu siku hiyo nimejifunza kusoma vifungashio, na hili nawasihi wazazi wote mlizingatie hata kama watoto wenu hawana mzio. Pipi za ukubwa mdogo zinazogawiwa jioni hizi nyingi hazina orodha ya viambato kwenye vikaratasi vyake. Orodha iko kwenye mfuko mkubwa ambao mwenye gari ameshauchana na kuutupa. Zaidi ya hapo, chokoleti ndogo inaweza kutengenezwa katika mtambo tofauti na ile kubwa ya jina lilelile, kwa hiyo aina ambayo ni salama dukani si lazima iwe salama bakulini. Kwa majirani zangu Waislamu, pipi nyingi laini za kutafuna hutengenezwa kwa jelatini, na ikiwa asili ya jelatini hiyo haikutajwa huenda ni ya nguruwe. Kwa wenye watoto wa chini ya miaka minne, pipi ngumu za duara ziondoeni zote, zinakaba koo. Mimi humwambia kijana wangu kwamba pipi hailiwi uwanjani, inaliwa nyumbani mezani, na huwa nimebeba mfuko wa pipi ninazozijua ili kila atakayoipoteza nimlipe nyingine.

Mwaka huu uliopita jirani yetu alituelekeza kwenye kanisa dogo la matofali mekundu ambalo uwanja wake hautoshi magari thelathini. Walikuwa na magari kumi na manne tu. Hapakuwa na fomu. Mlangoni alisimama mzee mmoja mwenye kofia ya majani, akamuuliza kila mtoto jina lake na kuliandika kwa kalamu nene kwenye kibandiko cha kifuani, na alipofika kwa binti yangu alilirudia jina lake la Kichaga mara tatu mpaka akalitamka sawasawa. Basi kila gari tulilofikia, watu walimwita kwa jina. Sijui kama wenzangu mliokulia mahali ambapo kila mtu mzima wa mtaani alijua wewe ni mtoto wa nani mnaelewa nilivyojisikia.

Gari la tano lilikuwa nyangumi wa Yona. Mwenye gari alikuwa amezungushia buti kitambaa cheusi, akapanga meno ya maboksi meupe juu na chini, na ndani kabisa akaweka taa ndogo za buluu na feni ndogo iliyoufanya ulimi wa kitambaa chekundu utikisike. Mtoto alitakiwa kuingiza mkono hadi kwenye bega ili afikie bakuli. Kijana wangu alirudi nyuma mara mbili, akanitazama, kisha akaingiza mkono huku amefumba macho. Kilichonitoa machozi ni kwamba mle ndani hapakuwa na pipi hata moja: kulikuwa na penseli, stika, mipira midogo na vyombo vya kupulizia mapovu. Pembeni ya gurudumu palikuwa na boga lililopakwa rangi ya buluu inayoelekea kijani. Boga la rangi hiyo ni alama inayojulikana Marekani nzima tangu FARE, shirika linaloshughulikia mzio wa vyakula, lilipoieneza mwaka 2014, na maana yake ni kwamba hapo kuna zawadi zisizoliwa kwa ajili ya watoto wenye mzio. Magari manne kati ya yale kumi na manne yalikuwa na boga hilo. Mama mwenye nyangumi aliniambia kwamba mjukuu wake ana mzio wa maziwa, na kwamba yeye ndiye aliyeibana kamati mwezi wa Agosti mpaka ikakubali.

Si kwamba hapakuwa na kasoro. Choo kilikuwa kimoja, chokoleti ya moto iliisha mapema, na matangazo yote yalikuwa ya Kiingereza ilhali robo ya watoto niliowaona walikuwa wakiongea na mama zao Kiswahili, Kihispania au Kisomali. Watoto wawili walifika bila mavazi ya kuigiza, wakasimama pembeni kwa aibu mpaka mtu alipowaletea mabawa ya malaika kutoka kwenye boksi la mchezo wa Krismasi. Boksi hilo lingewekwa mlangoni tangu mwanzo. Hata hivyo ninaupa mwaka ule wa tatu nyota tano. Kanisa la kwanza nalipa mbili na la pili moja, na hiyo moja ni kwa ukarimu wa watu wake.

Kwa anayetaka kujaribu Oktoba ijayo, ushauri wangu ni kupiga simu kanisani wiki moja kabla na kuuliza mambo matatu: magari yatakuwa mangapi, kuna gari lenye zawadi zisizoliwa, na je, fomu ni ya lazima. Sauti ya anayepokea simu itakuambia mengi. Fika nusu saa ya kwanza, mvalishe mtoto sweta ndani ya vazi lake, na mifuko mikubwa ya pipi iliyochanwa omba uione bila haya. Mimi bado sijanyimwa.

Sisi tutarudi kanisa lile dogo, na safari hii tumeomba tupewe nafasi ya gari letu. Mume wangu anataka kutengeneza Kilimanjaro kwa maboksi na pamba, na binti yangu ameshachagua kanga mbili za bibi yake za kutundika pande zote za buti. Nilikuwa nimefikiria kugawa ubuyu, lakini kamati inakubali vitu vilivyofungwa kiwandani tu, na kokwa za ubuyu si za watoto wadogo. Kwa hiyo tutagawa penseli na vikuku vya shanga, na boga la rangi ya buluu ya kijani kijana wangu amesema atalipaka mwenyewe.