Chupa mbele 1000, ndani 70: uchambuzi wa vidonge vya magnesiamu

Assalaam alaikum, karibuni tena, tuko Lamu kama kawaida, na leo utangulizi hakuna kwa sababu nimekasirika na hii chupa. Hii hapa. Ngoja niigeuze isimulike... haya, mnaiona? Magnesiamu glaisineti, kapsuli 60. Jina la kampuni nimelibandika plasta makusudi, maana mambo haya si ya kampuni moja, zunguka famasia yoyote, agiza mtandaoni, utakuta chupa zimeandikwa hivi hivi.

Kazi ya magnesiamu mwilini sitaieleza, misuli, neva, mifupa, mshaisikia sana. Mimi leo nataka tusome chupa tu, mimi na nyinyi, polepole.

Mbele hapa, herufi kubwa kuliko jina lenyewe: 1000 mg. Sasa mwanamke mzima kwa siku anahitaji kama 310 hadi 320, mwanamume 400 hadi 420, na hapo ni pamoja na chakula chote alichokula. Kwa hiyo mtu akiiona 1000 anaona hii dawa kali hii, mwingine anaogopa anairudisha, mwingine anafurahi anasema nitakunywa moja tu inatosha. Na kijana aliyeniuzia aliniambia vivyo hivyo, dada chukua moja usiku ulale.

Geuza nyuma. Nisogeze karibu, maandishi yenyewe madogo ajabu, bibi yangu hawezi kusoma haya hata kwa miwani. Mstari wa kwanza kabisa, hapa kwenye kidole changu: serving size, yaani kipimo cha kunywa mara moja, kapsuli 2. Shikeni hapo kwanza. Yaani kila hesabu inayofuata chini ni ya kapsuli mbili, si moja. Teremka. Magnesiamu: 141 mg. Halafu pembeni, herufi nyembamba zaidi, kutoka kwa magnesiamu glaisineti 1000 mg. Umeona? Ile 1000 ya mbele ni uzito wa magnesiamu pamoja na glaisini iliyoshikana nayo. Glaisini haina ubaya, ni amino asidi, iko hata kwenye nyama, lakini si magnesiamu, na wewe hukutoka nyumbani kwenda kununua glaisini. Kwenye glaisineti magnesiamu yenyewe ni kama asilimia 14 tu ya uzito. Ni kupimiwa nazi na makumbi yake halafu unalipishwa yote kama nazi.

Basi 141 kwa kapsuli mbili, gawa, ni 70 kwa moja. Sabini! Yule aliyeambiwa moja usiku anakunywa 70 na mbele ya macho yake kuna 1000. Wallahi hili linaniudhi, kwa sababu hawajasema uongo, kila kitu kimeandikwa, ila kimeandikwa pale ambapo mtu hatazami.

Neno la kutafuta ni elemental, yaani magnesiamu yenyewe bila kilichoshikana nayo, chupa nzuri zinaliandika wazi. Kama halipo tazama asilimia. Chupa zinazofuata mtindo wa Marekani zinahesabu mahitaji ya siku kuwa 420 mg, hii yangu imeandikwa asilimia 34, na 141 ni kama asilimia 34 ya 420. Kwa hiyo hata hesabu zikikushinda, asilimia haikupotezi.

...Huyo punda jamani. Ngoja apite. Haya.

Bei sasa. Hii nimenunua shilingi 2,400, na ndiyo najua, huku kwetu kila kitu kinateremshwa Mokowe kisha kinapanda boti, bei lazima iongezeke kidogo, Mombasa mtaipata chini ya hapo. Kapsuli 60 mara 70 ni 4,200 mg za magnesiamu kweli. Nikaleta na mshindani, hii ya tembe, magnesiamu sitreti, aina nyingine, shilingi 1,800, tembe 90, na nyuma wameandika wazi kila tembe ni 100 mg elemental. Hiyo ni 9,000 mg. Piga hesabu: glaisineti ni kama shilingi 57 kwa kila 100 mg, sitreti ni shilingi 20. Karibu mara tatu, na ile ya bei ndiyo yenye namba kubwa mbele.

Sasa najua kuna mtu ashaanza kuandika, mbona usichukue magnesiamu oksaidi, bei rahisi kuliko zote? Kweli, oksaidi ndiyo imejaa magnesiamu, kama asilimia 60 ya uzito, tembe ya oksaidi 400 mg ina kama 241. Kwa karatasi imeshinda. Lakini tazameni bilauri hizi mbili. Huku nimeponda tembe ya oksaidi nikakoroga, huku nimefungua kapsuli ya glaisineti nikakoroga, maji ni yale yale. Ya oksaidi unga wote umetuama chini, korogeni mpaka kesho. Tumboni kuna asidi, inasaidia, sisemi bilauri ni tumbo, lakini hata hivyo mwili unainyonya kidogo, kuna utafiti wa 2001 ulikadiria kama asilimia 4 tu. Iliyobaki inashuka kwenye utumbo, inavuta maji, unakimbilia chooni. Kwa mwenye choo kigumu hiyo inaweza kuwa ndiyo dawa yake, lakini kwa anayetaka magnesiamu hela imepotea njia moja.

Na hapa niseme haki. Nilikuja kuipiga chini hii glaisineti, lakini kwa tumbo ndiyo iliyotulia kuliko zote nilizojaribu, sitreti nayo inanyonywa vizuri ila tumbo linalegea, hasa ukiinywa bila kula. Kwa hiyo mzee ambaye tumbo lake linamsumbua haraka, mimi ningempa glaisineti tu, alipe hiyo bei, ila ajue anakunywa ngapi. Mwenye tumbo la kawaida, sitreti, baada ya chakula, basi. Mwenye chupa imeandikwa glaisineti buffered, jua imechanganywa na oksaidi, wanafanya hivyo namba ipande.

Jambo jingine ambalo wenzetu wa chaneli za Nairobi hawaligusi kabisa, gamba la kapsuli. Gelatini ya ng'ombe au ya nguruwe? Chupa nyingi zinaandika gelatin halafu kimya. Tafuteni muhuri wa halali, au iliyoandikwa selulosi, hiyo inatokana na mimea. Au chukua tembe, mara nyingi hazina gelatini, lakini soma nazo. Na Ramadhani mnaniulizaga kila mwaka, kunywa baada ya futari au kwenye daku, saa haina uchawi, kinachosaidia ni kula kwanza.

Sasa hapa naomba mtu asiruke mbele. Kama una ugonjwa wa figo usiguse hizi bila daktari, kabisa, figo ndizo zinazotoa magnesiamu iliyozidi, zikichoka inajaa kwenye damu na inafika mpaka kwenye moyo. Pili, ukiwa kwenye antibiotiki kama doksi (doxycycline) au sipro (ciprofloxacin), magnesiamu inaishika dawa tumboni haiingii, kunywa dawa yako masaa mawili kabla ya magnesiamu, au kama umetangulia magnesiamu subiri masaa manne hadi sita. Dawa ya thairoidi achanisha masaa manne. Na wale wa omeprazo mwaka mzima kwa ajili ya asidi, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitahadharisha 2011 kwamba ikitumiwa muda mrefu inaweza kushusha magnesiamu, kwa hiyo nyinyi mwambieni daktari awapime damu badala ya kujinunulia.

Kiwango cha juu cha vidonge Marekani wanasema 350 mg kwa siku, Ulaya wanasema 250. Hiyo ni ya vidonge peke yake, chakula hakihesabiwi.

Na wazee wangu wanaonitumia voisi kwamba miguu inakaza usiku. Hapa sitawapendezesha. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti na kuona kwa watu wazima wenye umri magnesiamu haielekei kuzuia kule kukaza. Sina raha kuwaambia mtumie 2,400 kwa hilo. Muone daktari, huenda ni dawa ya presha, huenda ni kitu kingine.

Kabla hujanunua, korosho. Kilifi nzima imejaa mikorosho na sisi tunauziana chupa kutoka ng'ambo! Gramu 28 za korosho, konzi moja ndogo, zina kama 74 mg, zaidi ya kapsuli moja ya ile chupa. Mchicha, maharagwe, karanga, mbegu za maboga ndizo zinashinda zote, kama 156 kwa konzi hiyo hiyo. Mbegu hizo huku tunazitupa na maganda.

Maikrofoni mpya nimeipata, mnaisikia tofauti, asanteni mliochangia. Wiki ijayo mafuta ya samaki, na nayo ina hadithi yake ya namba za mbele, mwenye chupa nyumbani anitumie picha ya upande wa nyuma, jina lifunike.