Vitabu vipya vya watoto pale maktaba: vizuri kupita kiasi, na vimetiwa kufuli

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda wake. Kama una mtoto na unafikiria kumpeleka maktaba ya mkoa wetu akasome vile vitabu vipya vya watoto, vya maarifa na vya mashairi, vilivyotangazwa kwa bango pale getini, usimpeleke. Huko mbele huenda nikasema kinyume, maana hasira yangu ina sababu mbili na hazipatani. Jina la maktaba silitaji. Ada na saa za kufungua waulize wenyewe, mimi nimekuja kusema lililotokea kaunta.

Mwanangu yuko darasa la nne. Tulikwenda Jumamosi moja kabla masika hayajakolea. Kaunta alikaa mama mmoja mtu mzima. Nikasema, "Shikamoo mama." Akaitika "marahaba" macho yakiwa kwenye simu. Sawa, watu wana mambo yao. Mwanangu naye akasogea, akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, akaamkia, "Shikamoo bibi." Kimya. Akadhani hakusikika, akarudia kwa sauti zaidi. Yule mama akamwangalia kuanzia ndala mpaka nywele, kisha akaniuliza mimi, "Na huyu naye anataka nini?"

Nimejaribu kulipuuza na limekataa kutoka. Mama yangu ni mtu wa Lindi, na kwetu hata mtu aliye katikati ya msiba, macho yamevimba kwa kulia, mtoto akimwamkia ataitika. Shikamoo ya mtoto haiachwi hewani. Mtoto akikuamkia amekupa heshima yake yote aliyonayo, hana nyingine ya akiba. Leo niko nyumbani, nimepika, nimefua, nimeongea na majirani, na bado naisikia ile shikamoo ya pili, ile aliyoipandishia sauti.

Nikajibu kwamba anataka vitabu vipya vya watoto, vya kwenye bango. "Vitabu vipi?" Vya dinosaria, nikasema, na vya mashairi. Mwanangu alikuwa ameviona kwenye picha ya bango na wiki nzima nyumbani hakukuwa na habari nyingine. Yule mama akasema, nami namnukuu kadiri ninavyokumbuka, kwamba vile si vitabu vya kiada, ni vya ziada, na mtoto wa darasa la nne ana upimaji mwishoni mwa mwaka, nimtafutie vya kumsaidia mtihani. Tena mashairi ni mambo ya sekondari. Halafu akaagiza, "Lete mikono." Mwanangu akanyosha mikono. Ikageuzwa, ikatazamwa mbele na nyuma. Ilikuwa safi. "Haya, lakini havitoki kabatini. Watoto wanachana."

Kabati lenyewe ni la kioo, liko baada ya chumba cha magazeti, lina kufuli la shaba. Watoto wanasimama mbele yake wanasoma majalada. Majalada tu! Nilimwona mvulana mmoja wa kama miaka saba ameegemeza paji la uso kwenye kioo, anajisomea kichwa cha kitabu herufi moja moja, na alipofika mwisho akaanza upya, kwa kuwa hakuna kingine cha kusoma.

Tuliondoka. Na hapo ningekuwa nimemaliza: kaunta mbovu, usiende, kwaheri. Lakini tulirudi siku nyingine, siku ya kazi, mwanangu akiwa amefunga shule, na kaunta tukamkuta kijana wa field, wale wanafunzi wa ukutubi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Mwanangu safari hii aliamkia chinichini, na anayemjua mwanangu atajua hiyo si kawaida yake. Kijana akaitika "marahaba, mdogo wangu, hujambo?" Akauliza anapenda nini. Akatoa ufunguo kwenye droo, akaenda, akafungua kabati. Kazi hiyo nzima haikufika hata muda wa kuchemsha chai.

Sasa niwaambie kuhusu vitabu, maana hapa ndipo hukumu yangu ya kwanza inapoanza kunitoka mikononi.

Cha dinosaria ni cha Kiswahili. Sijasema kimetafsiriwa ovyo, nasema ni cha Kiswahili, sentensi zinatembea. Nilitarajia yale mazoea ya vitabu vya namna hii, wanyama wa Marekani waliopangwa kwa majina yasiyotamkika. Nikafungua katikati nikakutana na Tendaguru. Tendaguru ya Lindi! Mlima ambao ndugu zangu upande wa mama wanautaja kama unavyotaja soko la jirani, na mimi mtu mzima sikuwahi kusomeshwa habari zake darasani. Kuna kurasa mbili zilizokunjuliwa zenye mchoro wa Giraffatitan, yule mnyama wa kama miaka milioni 150 iliyopita ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Wamemchora amesimama kando ya mnazi, na mwanangu akapima kwa vidole ni mtu mzima mara ngapi mpaka kufika kichwani.

Kilichonishika zaidi ni ukurasa unaofuata. Unaeleza uchimbaji wa Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913, na hauishii kwa maprofesa. Unamtaja Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, mtu wetu, kwa jina lake kamili. Kuna mchoro wa msururu wa wapagazi, wanaume na wanawake, mifupa imefungwa na kubebwa vichwani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kushuka hadi bandari ya Lindi. Mpagazi wa mbele amechorwa shingo imekaza na mishipa imetokeza, na nyuma yake kuna mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mwanangu aliweka kidole kwenye yule mtoto wa mgongoni akauliza, "Huyu naye alifika Lindi?" Kitabu hakisemi. Lakini swali hilo halitoki kwenye kitabu cha kukariri kwa ajili ya upimaji, na mimi ningependa mtu aniambie linapimwa wapi.

Cha viumbe vya bahari nimekipitia haraka, ni kizuri, kina sehemu ya silikanti, yule samaki wa kale, na jinsi wavuvi wa Tanga walivyokuwa wakimnasa kwenye majarife, nyavu za maji marefu. Picha za rangi zimefifia kidogo. Kuna na kimoja cha nyayo za Laetoli, zile za mababu wa kale wa binadamu, nacho ni cha wadogo zaidi, sina la kusema sana ila kwamba mwanangu alivua ndala akalinganisha wayo wake na mchoro.

Kisha mashairi. Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa neno "ni mambo ya sekondari" bado linanichoma. Nani alisema? Mtoto wa Kiswahili anaanza na vina kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Anaruka kamba kwa vina, anapiga makofi kwa mizani, anatega vitendawili, halafu akifika shule ya msingi tunamnyang'anya vyote na kumrudishia akiwa na ndevu, tena kama somo la kutaja bahari, yaani aina za mashairi, na aina za vina kwa alama. Katikati hapo kuna miaka saba au nane ya ukame. Hata Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ina kipengele cha ushairi na kipengele cha hadithi za watoto, na ushairi wa watoto unabaki kusimama mlangoni mwa vyote viwili. Kwa hiyo kitabu cha mashairi kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa, chenye tarbia halisi, mishororo minne kila ubeti, mizani (silabi) nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho vimekaa mahali pake, si jambo dogo. Kuna shairi la mbu, kuna la bibi anayetafuta miwani iliyo usoni pake, kuna la mvua ya mawe. Mtunzi hakuwadharau watoto hata mara moja. Hakuna ubeti wa kumwambia mtoto anawe mikono.

Mwanangu alikaa nacho mezani akigonga mizani kwa kalamu. Akigundua mshororo umetimia kumi na sita anatikisa kichwa kama fundi aliyeridhika na ukuta wake. Jioni ile akaanza wa kwake, nyuma ya daftari la hesabu:

Mifupa ya Tendaguru, imekwenda ugenini,
Ingeweza kuwa huru, ikarejea nyumbani,

na hapo akakwama, anatafuta neno la kuishia na "ru". Nikampa "ushuru", akasema halihusiani. Baba yake akampa "kunguru", akalifikiria muda mrefu. Hesabueni wenyewe kama mizani haikutimia. Mtoto wa darasa la nne huyo, wa mambo ya sekondari.

Basi nafuta nilichosema mwanzo. Nendeni. Tangu Mwalimu alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa tarehe 9 Desemba 1967 tumekuwa tukilalamika kwamba maktaba zetu ni vyumba vya kujisomea wanafunzi wa mitihani, madaftari yao wenyewe mezani na rafu zinawatazama. Safari hii mtu fulani mahali fulani alichagua vitabu kwa moyo, akavinunua, akavifikisha mpaka mkoani. Sijui ni nani na ninamshukuru. Vitabu vinastahili nyota tano, na ningekuwa na sita ningetoa.

Ila subirini.

Wakati kijana anatuandikia kuazima, aligeuza jalada la nyuma kugonga tarehe kwenye ile karatasi ya kurudisha. Nikaiona. Nyeupe tupu. Muhuri wetu ulikuwa wa kwanza. Nikamwomba aangalie cha mashairi: nyeupe. Cha silikanti: nyeupe. Cha Laetoli: nyeupe. Nikauliza vimeingia lini. Akafungua daftari la mapokezi, akasita kidogo, akaniambia ni tangu mwaka jana, kabla yeye hajafika. Mwaka jana! Vile "vitabu vipya" vilikuwa na vumbi upande wa juu wa kurasa, lile vumbi la kijivu linalobaki kidoleni. Watoto wa mji mzima wamepita mbele ya kile kioo misimu yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyevuka navyo mlango. Avichane nani, kama hakuna aliyevishika?

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko ile siku ya kwanza. Siku ya kwanza niliudhika kwa ajili ya mwanangu. Sasa naudhika kwa ajili ya yule mvulana wa paji la uso kwenye kioo. Kama vitabu vingekuwa vibaya nisingejali wala nisingeandika. Ni uzuri wake unaofanya lile kufuli liwe dhuluma.

Nimejaribu kumtendea haki yule mama. Huenda ana maagizo ya waliomzidi cheo. Huenda kitabu kikipotea anaulizwa yeye na mshahara wake si wa kuchezea. Nimewahi kufanya kazi ya stoo, najua hofu ya ukaguzi. Kwa hilo la kabati naweza kumsamehe nusu, na nusu nyingine nampa aliyeweka kanuni. Lakini hakuna mkaguzi duniani anayeuliza marahaba ngapi zimetumika. Ile haikugharimu serikali senti moja. Hapana, sijamsamehe.

Kijana wa field atamaliza mafunzo yake na kurudi chuoni, na ufunguo utarudi kwenye droo ya mwenyewe. Kwa hiyo ukitaka vitabu hivi, nenda sasa, nenda siku ya kazi asubuhi, pita chumba cha magazeti, kabati liko upande wa kushoto. Usiombe kuviona, omba kuviazima, kwa majina, cha Tendaguru na cha mashairi, na usimame pale pale kaunta mpaka vigongwe muhuri. Ukiambiwa si vya kiada, sema unajua. Ukiambiwa watoto wanachana, geuza jalada la nyuma umwonyeshe karatasi ilivyo nyeupe. Na mwanao akiamkia asiitikiwe, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi, sema hapo hapo, mtoto akiwa anasikia, "Mama, mtoto amekuamkia."