TAHADHARI: Sindano za "kupunguza uzito na kukoroma" zinazouzwa WhatsApp hapa Dar

Jamani, mwenye mgonjwa wa kukatika pumzi usingizini asome hii kabla hajatuma hela.

Mume wangu analala na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kwa barakoa ili pumzi isikatike usingizini, mwaka wa pili sasa. Haipendi. Mkanda unamwachia alama shavuni, na joto la Dar mnalijua. Mwezi uliopita akaingizwa kwenye grupu la kupunguza uzito. Muuzaji wa kule anaanza na jambo la kweli: Desemba 2024 Marekani waliidhinisha tirzepatide, dawa ya sindano ya kupunguza uzito, kwa jina la Zepbound, kwa watu wazima wenye unene uliopitiliza na tatizo hili la kiwango cha kati au kikali. Ukitafuta, unaikuta. Hapo ndipo watu wananaswa.

"Bosi, dozi ya mwezi laki nne na nusu, mashine weka kabatini."

Tukatuma hela kwenye namba ya mtu binafsi. Bodaboda kaleta saa saba mchana: mfuko mweusi, ndani kiboksi, kichupa na sirinji. Barafu hakuna. Nilipokishika kichupa kilikuwa cha moto. Dawa hii hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikitoka haitakiwi kuzidi nyuzi 30, na mwisho siku 21. Namba ya bechi kwenye kiboksi ilikuwa tofauti na ya kichupa, tarehe ya kuisha imekwanguliwa. Halafu kikaratasi cha kalamu: "choma kila siku asubuhi". Tirzepatide huchomwa mara moja kwa wiki! Huanza na miligramu 2.5 kwa wiki nne, kisha daktari ndiye anayepandisha.

Hatukuichoma, namshukuru Mungu. Ila mume wangu alishaiacha mashine tangu siku aliyotuma hela, kwa yale maneno tu. Usiku nilikaa macho namsikiliza. Anakoroma, kimya, nahesabu mpaka ishirini na kitu, ndipo anashtuka akitafuta hewa. Siku ya nne akasinzia kwenye usukani, foleni ya Ubungo, akaamshwa na honi za nyuma. Utafiti wa dawa halisi ulifuatilia wagonjwa wiki 52, na wamo walioendelea na mashine zao muda wote. Kuiacha ni uamuzi wa daktari baada ya kukupima usingizi upya.

Nilipomuuliza muuzaji dawa imesajiliwa wapi, akasema "dada mbona una hofu hivyo", kisha akanibloku.

Anauza na vidonge vya "mitishamba" vya kukata tumbo. Navyo msiviguse. Bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa nchi nyingi zimefichwa sibutramine, dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi. Wagonjwa wetu hawa wengi tayari wana presha.

Kama umeshachoma na unatapika mfululizo au tumbo linauma sana, nenda hospitali leo na ubebe kichupa. Cha kwetu nakipeleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Namba ameshabadilisha mara mbili. Picha ni ileile, koti jeupe na kipimo cha daktari shingoni, na ujumbe unaanza "Marekani wameidhinisha". Ukiuona, usijibu.