Amani au kitalu cha Muheza?

Mkazi wa Tanga anayetaka kuijua mimea ana njia mbili nzuri: matembezi ya kuongozwa katika bustani ya mimea ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara Mashariki, au siku moja kitaluni Muheza, kwa wakulima wa machungwa.

Amani hupanua mawazo. Miti iliyoletwa kutoka mabara mbalimbali kwa majaribio, ukiwemo mkwinini ambao magome yake yalitoa dawa ya malaria, humfanya mgeni aione historia ikiwa bado inachanua. Hapo pia mwongozaji mwenye ujuzi ataeleza jinsi msizi, mti wa asili ya magharibi mwa nchi, ulivyosambaa hadi kuibana miti ya asili ya msitu wa Amani. Na kwa maoni yangu somo hilo peke yake linatosha kulipia safari.

Kitaluni, mikono ndiyo inayojifunza kuunganisha miche. Mche wa mlimau hupasuliwa ganda kwa kisu kikali mfano wa herufi T, jicho la mchungwa, yaani kichipukizi chake, likachomekwa taratibu, kisha likafungwa kwa utepe wa plastiki. Baada ya wiki tatu hivi, jicho lililobaki kijani limeshika.

Mwenye watoto wa shule ningempeleka Amani kwanza. Mwenye shamba, hata dogo la nyuma ya nyumba, aanze kitaluni, tena kabla ya mvua za masika.