Ancillary Mercy: chai nyingi, mizinga michache

Kitabu hiki cha Ann Leckie nimekimalizia kwa tochi ya simu, umeme umekatika, hapa Mwanga, Kigoma. Shemeji yangu alinionya mapema: "Shem, usitegemee vita vikubwa." Yeye alikiacha katikati. Mimi nimekisoma mara mbili.

Kilitoka 2015, kikifunga hadithi iliyoanza na Ancillary Justice mwaka 2013. Breq, ambaye zamani alikuwa akili ya meli nzima ya kivita ya angani na sasa amebaki mwili mmoja tu, analinda kituo cha angani dhidi ya Anaander Mianaai, mtawala wa dola la Radch, mwenye miili mingi inayogombana yenyewe kwa yenyewe. Shemeji alitaka dola zima liporomoke. Wapi! Tunabaki kituoni, na vyombo vya chai vinatunzwa kama mahari. Mimi hapo ndipo nilipopapenda.

Halafu ile lugha ya Radch isiyotenga mwanamke na mwanamume, iliyowasumbua wasomaji wengi wa Kiingereza. Sisi wenye "yeye" tumezaliwa humo, sikushtuka hata kidogo.

Lakini Zeiat, mjumbe wa Presger, wale viumbe wasio binadamu! Anakunywa mchuzi wa samaki kama soda. Nilicheka hadi mama mkwe akaamka. Nikamweleza. Akauliza kama ni wa migebuka.

Katikati kinajivuta, kweli, na ukianza na hiki cha tatu utapotea. Nakala imerudi kwa shemeji. Anasema ataruka moja kwa moja hadi mwisho.